UZI: Masta ya usalama wa mtandao kwa akina dada wa Arusha na Moshi. Hela ipo, tunaitafuta mlango usio wake

Binti wa Kijenge, Jumapili, saa 3:10 usiku

Habari za jioni wakuu. Wakubwa wote shikamooni.

Juzi niliitwa kuongea na mabinti wanaomaliza chuo pale Njiro. Nilipomaliza, wakanizunguka mlangoni na swali moja: "Dada, ufadhili wa wanawake wa usalama wa mtandao unaombwa wapi?" Nimejibu kwenye WhatsApp mpaka kidole gumba kimeota sugu. Naandika hapa mara moja, anayeuliza tena namrushia uzi.

Mimi nilikuwa afisa TEHAMA wa SACCOS moja hapa mjini. Niliomba ufadhili miaka mitatu mfululizo, miwili nikatoka kapa, wa tatu nikapata Chevening ya serikali ya Uingereza. Nikasoma masta ya usalama wa taarifa Royal Holloway, mji mdogo wa Egham nje kidogo ya London. Chuo hicho kilianza kufundisha masta ya fani hii mwaka 1992, enzi ambazo huku kwetu simu ya mezani ilikuwa ya kuombea maombi. Nikarudi nyumbani, maana Chevening inakutaka urudi ukae nchini kwako angalau miaka miwili.

Nianze na ile miaka miwili niliyoichoma, kwa sababu ndiko mnakoelekea wengi.

Nilikuwa naingia Google naandika kwa Kiingereza: wanawake, usalama wa mtandao, uongozi, ufadhili. Yanakuja majina matamu. La kwanza SWSIS, iliyoanza 2011, ya wanawake wanaosoma usalama wa taarifa. Nikasema hii imeandikwa kwa jina langu. Nikakaa wiki mbili naandika insha, usiku, bando la kuungaunga. Siku ya kupandisha ndipo nasoma mstari wa sifa: raia wa Marekani au mwenye ukazi wa kudumu kule. Nikahamia CyberCorps. Nayo ya Wamarekani wenyewe, tena ukimaliza unaitumikia serikali yao. Sasa mtoto wa Kijenge ataitumikiaje serikali ya Marekani?

Ipo moja iliyoandikwa hasa kwa mwanamke anayetaka kufika mezani kwa wakubwa: ya Executive Women's Forum pamoja na chuo cha Carnegie Mellon, kupitia Information Networking Institute yao kule Pittsburgh, Marekani. Inalipa ada ya masta. Lakini lazima kwanza chuo chenyewe kikukubali, na nafasi ni za kuhesabu kwa vidole. Jaribuni, ila msikae mkiisubiri hiyo peke yake kama basi la mwisho la Karatu.

Nilichokuja kukielewa kwa kuchelewa ni hiki: ufadhili uliobandikwa "usalama wa mtandao" mara nyingi una mwenyewe. Hela ambayo Mtanzania anaifikia ina jina jingine. Inaitwa uongozi, inaitwa maendeleo, inaitwa Jumuiya ya Madola. Usalama wa mtandao unauingiza wewe, kwa kalamu yako.

Chevening haijali umri na haiulizi fani. Inataka shahada ya kwanza na saa 2,800 za kazi. Zigawe: wiki 70 za saa 40. Unaweza kujumlisha kazi zaidi ya moja. Unachagua kozi tatu, unaandika insha nne, na kila insha mwisho maneno 300. Maneno 300, wakuu! Hayatoshi hata salamu za Wachagga wawili waliokutana stendi. Dirisha hufunguliwa Agosti na likifika Oktoba uwe umeshajipanga.

Nitarudi kwenye hizo insha, ndiko kwenye nyama. Ngoja nikaangalie chungu.

---

Chalii wa Ngarenaro, Jumapili, saa 3:31 usiku

Dada tusidanganyane. Hizo ni za watoto wa vigogo. Mtoto wa mama muuza ndizi soko la Kilombero hawezi kuitwa London.

---

Binti wa Kijenge, Jumapili, saa 4:02 usiku

Chalii, mama yangu aliuza mitumba pale pale Kilombero, meza ya tatu ukitokea upande wa daladala. Tusibishane kwa hilo.

Sasa insha. Ile ya uongozi ndiyo iliyoniangusha mara mbili. Mwaka wa kwanza niliandika kwamba mimi ni kiongozi shupavu tangu nikiwa monita wa darasa la tano, nina bidii, nina maono, nafanya kazi vizuri peke yangu na kwenye timu. Mwaka wa pili nikaongeza semina nilizohudhuria. Ukisoma leo unaona kabisa hii inaweza kuwa ya mtu yeyote, hata ya mlinzi wa geti.

Mwaka wa tatu niliandika Jumatatu moja tu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, walimu wamejaa ukumbini wanasubiri mikopo. Keshia wa dirisha la kwanza ananiita: "Njoo uone, mafaili yamebadilika majina." Nikafika, kioo kina maandishi mekundu, mtu anataka alipwe kwa sarafu za mtandaoni ndiyo afungue. Dirisha la pili hivyo hivyo. Nikakimbia chumba cha seva nikachomoa nyaya kwa mikono, sikungoja ruhusa. Meneja anasema tulipe tu yaishe. Mjumbe mmoja wa bodi, mzee wangu mwema, akaniita pembeni akauliza kama kuna mtu aliyefukuzwa kazi ambaye huenda ametutupia kitu. Nikamwambia mzee wangu, kitu tumetupiwa kweli, ila kimepitia kwenye barua pepe ya ankara ya uongo.

Nilikuwa na bakapu kwenye diski ya nje niliyoinunua kwa hela yangu, kwa sababu ombi langu la diski lilikaa kwenye faili miezi minane. Ilikuwa ya Ijumaa. Kwa hiyo tulipoteza miamala ya Jumamosi, nusu siku. Siku tatu tulifanya kazi kwa daftari na risiti za mkono. Mimi ndiye niliyewapanga wale makeshia saba, nani anaandika, nani anahakiki, nani anaongea na wanachama wasipige kelele. Tukaripoti TZ-CERT, kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni. Baada ya wiki mbili nikasimama mbele ya bodi, nikawaomba wapitishe utaratibu: bakapu mbili, moja nje ya jengo, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunajaribu kuirejesha kweli, si kuangalia taa ya kijani tu. Wakapitisha.

Nilikuwa afisa daraja la pili. Sina msaidizi, sina hata kiti cha kuzunguka. Lakini makeshia saba walinifuata, na bodi ikabadili utaratibu. Hicho ndicho wanachokiita uongozi kwenye zile fomu. Kaa ujiulize: ni nani alinifuata wakati sina cheo cha kumlazimisha, na kipi kilibaki kimebadilika baada yangu? Ukipata jibu una insha.

---

Mama Tengeru, Jumapili, saa 4:40 usiku

Hongera mwaya. Mimi nataka kuwasemea wenzangu ambao hatuwezi kupanda ndege.

Nilipotaka kusoma masta nilikuwa na mtoto wa miezi mitano na mwingine wa chekechea. Mume yuko mgodini. Ningeondokaje? Nikaenda Nelson Mandela, pale Tengeru. Watu wanapita barabara ya Moshi kila siku wanaona kibao, wanadhani ni chuo kama vingine. Ni cha uzamili na uzamivu tu, hakuna shahada ya kwanza. Kimeanza kufundisha 2011. Huko kuna kituo cha umahiri cha TEHAMA cha Afrika Mashariki, CENIT@EA, kilichojengwa kwa ubia na Wajerumani, na wanafunzi wa masta ya mifumo pachikwa (kompyuta zilizo ndani ya vifaa) na ya simu wamelipiwa na DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo. Jina la kozi halisemi usalama wa mtandao, lakini tasnifu unaichagua wewe. Mimi yangu ilikuwa usalama wa miamala ya simu za vitochi. Hivi tunavyoongea, kazi niliyonayo nimeipata kwa ile tasnifu.

Jambo la kuangalia kwa DAAD wanaofadhili mtu kusoma ndani ya kanda hii: shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Dada zangu wengi tunaolea kwanza, tukishtuka miaka saba imepita. Hesabuni mapema.

Na kunyonyesha kati ya vipindi kunawezekana. Dada wa kazi alikuwa anakuja na kifodi mpaka getini saa nne na saa nane.

---

Meku Kibosho, Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Naomba kuuliza bila ugomvi. Kwa nini kila kitu wanawake wanawake? Na sisi wanaume wa TEHAMA tukafuge mbuzi?

---

Binti wa Kijenge, Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Meku, soma tena. Chevening ni ya wote. DAAD ni ya wote. Karibu yote niliyoyataja ambayo Mtanzania anaweza kuyapata yako wazi kwako pia. Za wanawake peke yao ni chache, na nyingine ndiyo hizo za Wamarekani.

Kuhusu kwa nini zipo: ISC2, wale wanaotoa cheti cha usalama wa mtandao cha CISSP, wanakadiria wanawake kwenye kazi hii duniani ni kati ya 20 na 25 kwa kila 100. Pale kazini kwangu nilikuwa mia kwa mia, maana kitengo kilikuwa mimi na printa.

Mbuzi nao wanalipa, lakini.

---

Mwalimu Mstaafu, Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Nawasalimu nyote. Binti yangu amehitimu UDOM mwaka huu, ile kozi ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Yuko nyumbani hapa Moshi, Soweto. Hana saa hata mia moja za kazi. Je, asubiri miaka miwili ndipo aombe? Nachelea atakaa, atazoea, ataolewa, basi. Naomba mwongozo.

---

Rusumo Usiku, Jumatatu, saa 2:48 asubuhi

Shikamoo mwalimu. Asisubiri. Naandika nikiwa Kigali.

Carnegie Mellon ile ile ya Pittsburgh aliyoitaja dada ina kampasi hapa Kigali, makubaliano na serikali ya Rwanda yalifanywa 2011. Shahada ni ya Carnegie Mellon, haijaandikwa "tawi". Mimi nasoma masta ya teknolojia ya habari na masomo yangu mengi nimeyaelekeza kwenye usalama. Ndani ya chuo kuna CyLab-Africa, kituo cha utafiti cha usalama wa mtandao, wanachunguza mambo yetu haya haya: programu za mikopo ya simu, mifumo ya fedha. Mastercard Foundation walitangaza mwaka 2022 dola milioni 275.7 kwa ajili ya chuo hiki, na wasichana wengi hapa wako chini ya ufadhili wao. Uzoefu wa kazi si sharti. Hesabu ndiyo sharti. Mwambie binti afufue hesabu zake, hasa uwezekano na aljebra ya matriki, kuanzia leo, si kuanzia Januari.

Na kutoka huko kwetu mtu unakuja kwa basi. Arusha, Babati, Singida, Nzega, Kahama, mpaka Rusumo. Miguu inavimba lakini hulipi tiketi ya ndege. Mama yangu alinifungia kiburu kwenye ndoo, afisa wa mpakani akafungua akaniuliza hii ni nini, nikamwonjesha. Akagonga muhuri.

---

Binti wa Kijenge, Jumatatu, saa 3:20 asubuhi

Shikamoo mwalimu. Naunga mkono, na nakuongezea Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya. Nayo haidai miaka ya kazi. Kumekuwa na masta inaitwa CYBERUS ya chuo cha Bretagne Sud, Ufaransa, na nyingine SECCLO ya chuo cha Aalto, Finland, ila angalia kwanza kama bado zinapokea watu. Unasoma nchi mbili au zaidi, ada wanabeba, na unapewa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24. Kwa hela hiyo unajilipia chumba, chakula, nauli na viza.

Tatizo lake kwa watu wa huku ni kalenda. Maombi mengi yanafungwa Januari au Februari, maana yake yanaandikwa Desemba. Na Desemba Mchagga yuko wapi? Yuko mlimani. Mwaka wangu wa pili nilikaa kuandika insha Marangu tarehe 26, umeme umekatika, wajomba wanagawa nyama, shangazi anauliza kila baada ya dakika tano "unamwandikia nani?" Mwalimu, mwambie binti amalize kabla ya tarehe 15, halafu ndiyo apande nanyi kijijini akiwa mtu huru.

Wakati anasubiri majibu asikae bure. ISC2 wana mtihani wa kuanzia unaoitwa CC, na mwaka 2022 walianza kuutoa bila malipo kwa watu wapya, aangalie kama bado. Kuna CyberGirls, ya taasisi ya CyberSafe ya Nigeria, inawachukua wasichana wa Afrika wenye miaka 18 hadi 28 na kuwafundisha mwaka mzima mtandaoni. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, nao wana programu ya ulezi wa kikazi kwa wanawake wa fani hii, ilianza 2021. Hizi si masta, lakini mwakani akiandika insha atakuwa na kitu cha kuandika.

---

Kipepeo 88, Jumatatu, saa 7:33 mchana

Mimi nililiwa laki tatu na nusu. Jamaa ana ofisi kabisa, ghorofani, picha za Big Ben ukutani. Alisema ni ada ya kuchakatia ufadhili wa Uingereza na nafasi imebaki moja. Nikatuma. Baada ya hapo simu haipokelewi, mara inapokelewa na mtoto.

---

Binti wa Kijenge, Jumatatu, saa 8:10 mchana

Pole sana ndugu yangu. Chevening haina ada ya kuomba. Commonwealth, yaani ya Jumuiya ya Madola, haina. DAAD haina. Erasmus Mundus haina. Anayekwambia "nafasi imebaki moja, tuma kwenye namba hii" ni yule yule wa "ile hela tuma kwa namba hii", amepanga ofisi tu.

Kuna mahali pamoja panachanganya watu: Sweden. Ufadhili wa Swedish Institute wenyewe hauna ada, ila mfumo wa kuomba vyuo vyao unatoza krona 900, na hiyo ni halali, unalipa kwenye tovuti yao kwa kadi, si kwa mtu. Ufadhili huo unataka saa 3,000 za kazi na unatazama uongozi kama Chevening. Orodha ya nchi wanaibadilisha, kwa hiyo kila mwaka angalia kama Tanzania imo kabla hujalipa hizo krona.

Na Commonwealth niliitaja kwa mbio. Mpango wake ni wa tangu 1959. Kuna unaoitwa Shared, ambao chuo cha Uingereza kinachangia, na unaomba mwenyewe moja kwa moja. Unatakiwa kuonyesha kwamba bila wao usingeweza kujilipia, na unachagua dhamira. Wengi wa fani yetu wanakimbilia ile ya sayansi na teknolojia kwa maendeleo. Mimi ningekuwa naomba leo ningeitazama ile ya amani, usalama na utawala bora. Huenda msongamano ni mdogo, na mtu anayelinda mifumo ya uchaguzi, ya hospitali au ya mahakama yumo humo kabisa.

---

Chalii wa Ngarenaro, Jumatatu, saa 12:20 jioni

Haya tuseme nimeamini. Unarudi na masta yako ya Egham, unakuja kufanya nini Arusha? Kuwatengenezea wazungu WiFi hotelini?

---

Binti wa Kijenge, Jumatatu, saa 2:45 usiku

Swali zuri, chalii yangu. Nimelisubiri.

Chukua kampuni moja ya utalii hapa Sakina, yenye magari kumi. Ndani ya barua pepe yao kuna nakala za pasipoti za watu mia kadhaa, namba za kadi, tarehe ambazo nyumba ya mtu kule Ujerumani haina mtu. Nenosiri la barua pepe hiyo ni jina la kampuni na mwaka. Mdukuzi anaingia, hafanyi fujo, anasoma tu mwezi mzima. Siku mgeni anapotaka kulipa salio la safari ya Serengeti, anapokea barua kutoka anuani ile ile: "Tumebadili benki." Dola elfu nane zimekwenda. Mgeni anatua KIA anadai safari yake, kampuni haina hela, kila mmoja ana haki. Kesi za namna hii nimeshika tatu tangu nirudi, na hakuna hata moja iliyohitaji mtu wa kutengeneza WiFi. Zimehitaji mtu wa kukaa na mwenye kampuni, mzee wa miaka sitini aliyeanza na Land Rover moja, akamweleza bila kumdhalilisha kwamba utaratibu wake wa malipo lazima ubadilike.

Tena sasa kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuwa na afisa wa kushughulikia ulinzi wa taarifa hizo. Hesabu hospitali, shule za bweni, SACCOS, hoteli na kampuni za utalii kutoka Karatu mpaka Himo. Hao wote wanamtafuta mtu anayeelewa seva na anayeelewa sheria, na anayeweza kuongea na bodi. Halafu mji huu una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika. Kazi zipo. Kinachokosekana ni watu wa kukaa kwenye kiti cha juu cha usalama wa taarifa, siyo wa kuvuta nyaya.

---

Nasubiri Saini, Jumanne, saa 5:17 usiku

Dada samahani, nimesoma uzi wote kimya. Niko Moshi, kitengo cha TEHAMA cha hospitali moja, sitaitaja. Nina miaka minne kazini. Kila kitu ninacho isipokuwa barua ya mdhamini, yule wa kuthibitisha kazi yangu. Bosi wangu nimemwomba mara tatu. Mara ya kwanza alicheka. Ya pili akasema nikienda sitarudi. Ya tatu akasema niandike mwenyewe atasaini, nikaandika, ina mwezi mezani kwake chini ya kalenda. Naiona kila nikipita.

---

Mama Tengeru, Jumanne, saa 5:40 usiku

Mungu wangu, chini ya kalenda.

---

Binti wa Kijenge, Jumatano, saa 12:30 asubuhi

Mdogo wangu, pole. Kwanza punguza presha: kama ni Chevening, barua za wadhamini zinapakiwa pale unapoitwa kwenye usaili. Sasa hivi unaomba bila barua yoyote, kwa hiyo kalenda ya bosi isikuzuie kubonyeza kitufe.

Pili, wadhamini ni wawili na si lazima yeyote awe bosi wako wa sasa. Mhadhiri wako anafaa. Daktari anayeutumia mfumo wako kila siku anafaa kuliko hata bosi, kwa sababu ataandika alichokiona: siku mfumo wa maabara uliposimama, nani aliinuka saa nane usiku. Umewahi kufundisha manesi kutogawana nenosiri? Muuguzi mkuu wa wodi anafaa.

Tatu, bosi usimwache. Huenda anaogopa kubaki peke yake na seva, na ukimsikiliza vizuri "hutarudi" ni "nani atabaki". Mpelekee karatasi moja: nani atashika nini kwa ule mwaka mmoja, na kwamba masharti yenyewe yanakurudisha nchini. Umpelekee saa nne akishakunywa chai, siyo saa tisa.

Nne, na hili ni kwa wote: angalieni majina yenu. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, NIDA ina matatu, chuo wameandika la ukoo kwa "y" badala ya "i". Kwa mfumo wa maombi hao ni watu watatu. Mimi nilikwenda kwa wakili nikala kiapo cha majina, nikabaki nacho kwenye faili. Pasipoti nayo ni shilingi 150,000, omba sasa, na uhakikishe jina la humo ndilo litakalokuwa kwenye fomu na kwenye barua za wadhamini, herufi kwa herufi.

---

Rusumo Usiku, Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Kuna aliyeniuliza inbox kuhusu uzamivu. Kwa wanawake wa nchi zetu kuna Faculty for the Future ya Schlumberger Foundation, tangu 2004, na kuna OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, ambao Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zao na wanakusomesha kwenye chuo cha nchi nyingine inayoendelea. Zote mbili ni za sayansi kwa upana, unaingia na utafiti wako wa usalama. Ila hizo ni za mtu mwenye masta tayari, usiruke ngazi.

---

Mwalimu Mstaafu, Ijumaa, saa 11:30 jioni

Binti amenunua daftari la hesabu, anafanya matriki mezani kwangu. Mimi nilifundisha Kiswahili na Historia, namsaidia kuchonga penseli. Asanteni wanangu.

---

Nasubiri Saini, Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa 4:22 asubuhi

Dada, nimetuma maombi. Daktari wa maabara amekubali kuwa mdhamini, kaniambia nimkumbushe tu tarehe. Na bosi nilimpelekea ile karatasi moja saa nne, baada ya chai. Aliisoma mpaka mwisho, akauliza kuhusu yule kijana wa mazoezi kama anaweza kushika bakapu, akainua kalenda, akasaini.

Nimefika mezani kwangu nikaisoma. Jina langu la ukoo ameliandika upya kwa mkono juu, kwa "y".

Nimemrudishia.